Mjomba Aliyefungiwa Siku Tatu na Mpwa Wake

Kwenu Ndugu Wahariri wa Kujitolea,
Kamusi Elezo ya Mtandaoni ya Lugha ya Kiminang.

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni Syafnil, mwenye umri wa miaka sitini na minne, karani mstaafu wa ofisi ya misitu, mkazi wa kijiji cha Koto Rimbo, karibu na mji wa Payakumbuh. Kwa miaka miwili nimewaandikia kurasa mia moja thelathini na mbili bila malipo, na silalamikii hilo. Ninayemlalamikia ni Yelmi, mtoto wa dada yangu, mfamasia, ambaye mwaka jana mlimchagua awe mkabidhi, yaani mmoja wa wale wanaoshika funguo za kufuta kurasa na kuwafungia watukutu.

Mnajua kwetu mjomba ni nani. Mpwa akitaka kuolewa, shamba likigawanywa, paa likivuja, anayeulizwa ni mjomba. Sasa tazameni yaliyonipata.

1. Mwezi wa tatu niliandika ukurasa kuhusu mfereji unaoleta maji kwenye mashamba yetu ya mpunga. Nilieleza kwamba ulichimbwa na babu yangu mzaa mama, Labai Kudun, peke yake, kwa jembe moja, kwa miaka saba. Haikupita nusu saa, Yelmi alikuwa ameweka mbele ya sentensi ile maneno madogo ya buluu: chanzo kinahitajika. Nikampigia simu. "Chanzo ni mimi," nikamwambia. Akajibu kwa adabu zote, "Mjomba, nakuamini kwa mengi. Lakini ule mwamba wa pale konani umeuona ulivyo. Jembe moja?"

2. Maneno yale yametoka kompyutani yakaingia mitaani. Jumamosi wahariri hukutana kibandani kwa Yusrizal, muuza kahawa ya majani, ile inayochemshwa kwa majani ya mbuni badala ya buni. Yusrizal hajui hata kuwasha kompyuta, ila aliyasikia akayapenda. Nikisimulia kwamba tulikimbizwa na nguruwe mwitu mwenye ukubwa wa nyati, yeye anafuta meza huku akisema polepole, "Chanzo kinahitajika, mzee," na kibanda kizima kinacheka. Ugonjwa umefika nyumbani. Juzi nilichelewa, nikamwambia mke wangu Etrawati kwamba nilikuwa kwenye kikao cha msikiti. "Nani ananithibitishia?" akauliza. Nikamtajia Yusrizal. "Huyo rafiki yako," akasema. "Nataka chanzo huru."

3. Niliyafuta maneno yale. Yelmi akayarudisha. Nikafuta, akarudisha, mpaka mara ya nne kwa siku moja. Kumbe mna sheria: anayerudia hivyo zaidi ya mara tatu anafungiwa asihariri. Sheria hiyo sikuwa nimeisoma, kwa kuwa ni ndefu na imeandikwa na vijana. Yelmi akanifungia siku tatu. Jioni ile ile alikuja nyumbani na bakuli la rendang, nyama iliyopikwa kwa tui la nazi mpaka ikakauka, akanitengea. "Kula, Mjomba, uliipenda hii ya mama." Nikala, maana nyama haikuwa na kosa.

4. Nilipofunguliwa niliomba kura. Mkaniambia kwenu hakuna kura, kuna maelewano. Mkaelewana siku tisa, mpaka majadiliano yakawa marefu kuliko ukurasa wenyewe. Kumi na mmoja walimuunga mkono Yelmi, wawili tukaunga mkono babu. Ndipo mlipogundua kwamba wale wawili wote ni mimi, wa pili nikiwa nimejisajili kwa jina la Etrawati. Mke wangu ana hasira mpaka leo, maana yeye anasema tangu mwanzo alikuwa upande wa Yelmi.

Kwa sababu hizo naomba yafuatayo, nayo ni machache. Mpwa asiwe na uwezo wa kumfungia mjomba wake. Ikibidi kabisa, kwanza aje na tambuu, akae mkekani, azunguke kwa mafumbo kama mila inavyotaka, ndipo amfungie. Kila mhariri apewe uzito katika majadiliano kwa hesabu ya mvi zake. Na neno lolote lililosemwa na mzee mbele ya watu watatu, pasiwe na aliyecheka, lihesabiwe kuwa limethibitishwa.

Mkikataa, nitaanzisha kamusi elezo ya wajomba watupu. Tumeshakuwa wawili, na tunaendelea kugombana juu ya nani awe mkabidhi.

Nisalimieni wahariri wote, wa mjini na wa ugenini, na yule bwana anayesahihisha nukta zangu ambaye sijawahi kumwona uso. Wazazi wenu pia, hasa wajomba.

Ni mimi, mhariri mwenzenu niliyeonewa,
Syafnil

N.B. Barua hii niliiweka jana kwenye ukurasa wa majadiliano. Ningeifuta, lakini kila kinachofutwa hubaki katika historia ya ukurasa, na mkiona nimefuta mtaisoma kwa bidii zaidi.

Leo asubuhi nilikwenda ofisi ya kijiji kutafuta chanzo cha kumnyamazisha Yelmi. Wakanitolea daftari la mahudhurio ya uchimbaji, pembe zimeliwa na mchwa. Watu mia moja na kumi na wawili, siku mia mbili na nne. Labai Kudun alifika siku mbili. Siku ya tatu mbele ya jina lake pameandikwa "mgongo", na baada ya hapo hakuna kitu. Mistari sita chini yake yupo Upik Jintan, mbeba mawe, siku mia mbili na nne. Hakukosa hata moja.

Huyo ni mkewe, mama wa mama yangu, aliyenilea mpaka nikawa na miaka tisa. Babu alipotusimulia habari za mfereji, yeye alikuwa akitupakulia wali. Hakuwahi kusema neno, na sisi hatukuwahi kumuuliza.

Nilikaa kwenye ngazi za ofisi kwa muda. Kisha nikaifuta sentensi yangu, nikaandika mpya, nikaweka chanzo na namba ya ukurasa. Maombi yangu yote nayaondoa. Yelmi abaki na funguo zake.

Alinipigia simu adhuhuri. Nilidhani atacheka. Badala yake akasema, "Mjomba, jina la Bibi umeandika Jitan. Rekebisha mwenyewe, mimi siligusi."

Nimerekebisha.