Kiporo cha Sajenti Tindo

Jumatatu, 5 Mei 2025

Imetangazwa! Kiporo kinatoka! Sajenti Tindo ameandika mwenyewe: Ijumaa hii, saa kumi na mbili jioni, chakula kinapakuliwa.

Maelezo kwa watakaosoma shajara hii nikishakuwa maarufu. Sajenti Tindo ni rapa mkongwe. Kiporo ni albamu yake ya kurudi ulingoni. Aliiahidi nikiwa darasa la tatu. Sasa niko kidato cha tatu. Katikati hapo kompyuta ya studio iliungua, akagombana na mtayarishaji, sauti ikakauka, akaenda kufuga kuku, kuku wakafa. Tumemvumilia.

Habari niliipata nje ya geti la shule, kwenye simu ya Tuntufye. Baba yake ni mtumishi wa serikali, wamehamia kutoka Mbeya, na Tuntufye anajiona ndiye shabiki mkuu kwa sababu ana bando. Mimi nimezihifadhi beti zote kichwani. Nani shabiki?

Akasema tukusanyike kwao Ijumaa. Watu wakacheka. Spika yake ni kubwa kama andazi. Hapo mimi, ambaye sijawahi kusema kitu mbele ya watu zaidi ya watatu, nikasikia mdomo wangu ukisema kwamba nyumbani kwetu kuna spika kubwa.

Janeth wa darasa letu akageuka kunitazama. Mara ya mwisho alinitazama siku nilipojikwaa nikipandisha bendera. Basi nikaongeza: njooni kwetu.

Spika si yetu. Ni ya jumuiya ya kanisa.

Jumanne, 6 Mei

Nimechunguza hali. Ni mbaya.

Huu ni Mwezi wa Maria. Sanamu ya Bikira Maria inazunguka nyumba hadi nyumba hapa Malangali, kila jioni tunasali rozari, na spika inaifuata sanamu kama ndama na mama yake. Inapolala sanamu ndipo inapolala spika. Mama ni katibu wa jumuiya, zamu zote anazo yeye. Yetu ni mwisho wa mwezi. Ijumaa ni ya Bibi Leonia, ambaye mume wake, Mzee Teodori, hajainuka kitandani tangu mavuno ya mwaka jana. Bibi ameiomba Ijumaa hiyo tangu Pasaka. Anataka sanamu iwekwe karibu na kichwa cha mzee.

Nikamuuliza Mama, kana kwamba nauliza hali ya hewa, kama spika inaweza kuazimwa kwa muziki. Alisema spika ile Padri ameinyunyizia maji ya baraka, haiwezi kupigiwa watu wanaotukanana haraka haraka.

Nikauliza tena, kwa faida ya elimu tu, kama zamu zinaweza kubadilishwa. Akasema labda kuwe na msiba, au mgonjwa mahututi.

Nimekaa chooni muda mrefu nikifikiri. Baridi ya chooni kwetu inasaidia akili.

Jumatano, 7 Mei

Nimefanya.

Baada ya rozari kila mtu hutoa nia yake ya kuombewa. Mimi sijawahi kutoa hata moja. Leo nikainua mkono. Sauti ikatoka kama ya kifaranga. Nilisema tumwombee Mzee Tindo, aliyeko Dar es Salaam, ambaye watu wake wamemsubiri miaka mingi ainuke tena, na kwamba Ijumaa jioni ndiyo saa yake.

Kila neno ni kweli! Nimezipima sentensi zile kama tunavyochambua ushairi. Hakuna uongo hata mmoja.

Fabiani, kijana wa kwaya anayetunza spika, akauliza kama mzee huyo ni ndugu. Nikatazama chini. Kutazama chini si uongo. Mama akadhani ni wa upande wa Baba. Upande wa Baba una watu wengi, na Baba mwenyewe yuko Ilemba kwenye mpunga, ambako simu hushika ukipanda juu ya kichuguu.

Kisha akasimama Bibi Leonia. Akasema Teodori wake amezoea kusubiri, kitanda hakimkimbii. Mama Maria atangulie kwa huyu mtoto, Ijumaa ndiyo saa ya mgonjwa wake.

Wote wakapiga makofi ya polepole, ya heshima. Nimeshinda: Ijumaa sanamu na spika vinalala kwetu. Kwa nini najisikia kama nimemeza jiwe la kinu?

Alhamisi, 8 Mei

Wanaleta vitu!

Asubuhi unga. Mchana maharage mapya kutoka Mpui. Jioni Bibi Leonia, amefunga kanga mbili juu ya sweta kwa ajili ya upepo, na mkononi mtetea wake mweupe. Nikamwamkia. Akasema, "Marahaba, mjukuu wangu. Huyu mpeni mtu wa basi amfikishe Dar. Mgonjwa apate mchuzi." Kuku ni mmoja tu pale kwake. Namjua. Ndiye anayetaga.

Nilifungua mdomo niseme ukweli. Kikatoka, "Asante, Bibi."

Mama akaniuliza huyu mzee anaumwa nini hasa. Nikasema sauti, ilikauka. (Kweli! Alisema mwenyewe redioni.) Mama akasikitika kweli. Akasema ameumia kwamba Baba amemficha jambo kama hili. Amempigia tangu asubuhi, hapatikani. Nikamshukuru Mungu, halafu nikaona aibu kumshukuru kwa jambo hilo.

Tuntufye alinishika bega shuleni. "Msomi, ukitupiga changa la macho nakutangaza paredi." Nikamwambia waje saa kumi na mbili, wasubiri nje ya uzio. Rozari inaanza saa kumi na moja, itakuwa imekwisha. Watu wakitawanyika, spika inabaki na mimi.

Mpango hauna tundu.

Ijumaa, 9 Mei

Nilisahau Litania.

Bibi Leonia aliomba tuongeze Litania ya Bikira Maria kwa ajili ya mgonjwa wangu. Ni ndefu. Saa kumi na mbili ikafika tukiwa bado tumepiga magoti. Juu ya uzio nikaona vichwa. Tuntufye. Wengine wa darasani. Janeth, amevaa kofia nyekundu ya baridi.

Nikawapungia mkono waondoke. Mama akaona napunga mkono wakati wa sala.

Litania ikaisha. Fabiani akazima simu yake, iliyokuwa ikipiga nyimbo kwenye spika, na kusema tumkumbuke Mzee Tindo kimya kimya. Kikawa kimya kabisa. Tuntufye si Mkatoliki. Aliposikia kimya alidhani tumemaliza. Akaunganisha simu yake na spika kwa bluetooth kutoka kule kule nje.

Kwanza kikohozi. Sajenti Tindo huanza kila wimbo kwa kukohoa, ndiyo alama yake. Kikohozi kikubwa, kizito, kikatoka kwenye spika pembeni mwa sanamu. Kina mama wakafumbua macho. Kisha ile sauti niliyoisubiri tangu darasa la tatu:

"Mlisema nimekwisha? Nimerudi!"

Bibi Leonia akapiga kigelegele. Akainuka, yeye na magoti yake mabovu, akaanza kucheza. "Amepona! Sauti imerudi! Asante Mama Maria!" Kina mama wengine wakadakia. Hata ngoma za wimbo zilipoingia waliendelea, walidhani ni kwaya ya Dar. Kwa muda mfupi mambo yalikuwa mazuri sana.

Mstari wa tatu siwezi kuuandika hapa.

Fabiani aliichomoa spika kama anazima moto. Mama akaniita jina langu lote la ubatizo, Oswaldi Maria. Nikaeleza. Nilieleza vibaya, kuanzia mwisho.

Bibi Leonia alisikiliza hadi mwisho. Akauliza, "Kwa hiyo haumwi?"

Nikasema haumwi, Bibi.

"Basi ashukuriwe Mungu." Akainama kuokota kanga yake, akakaa nayo mkononi. Halafu akauliza, si kwa hasira, kama mtu anayeuliza njia: "Na Teodori wangu, Ijumaa yake ndiyo imekwenda?"

Kule uzioni Tuntufye alikuwa anacheka hadi anashika mbavu. Janeth hakucheka. Bora angecheka.

Na kitu kingine. Ilikuwa dakika moja tu. Ule haukuwa Kiporo, ulikuwa utangulizi. Albamu imesogezwa mbele.

Jumamosi, 10 Mei

Mama hajanipiga. Hajanisemesha pia. Alinyoosha kidole kwenye unga, maharage na kuku, kisha mlangoni.

Nimezunguka nyumba zote nikirudisha. Kila nyumba nilitakiwa kusema: Mzee Tindo haumwi, ni mwimbaji, nisameheni. Nyumba ya pili walinipa uji. Unaona aibu zaidi ukiwa na uji mdomoni. Fabiani alinivuta pembeni, akauliza kwa sauti ya chini kama wimbo mzima ninao.

Kwa Bibi Leonia nilifika mwisho. Nimemrudisha kuku. Yai alilotaga kwetu sikulitaja. Nilikuwa nimelila.

Bibi akaniingiza chumbani kwa mzee. Amekonda hadi blanketi linalala kama halina mtu. Shikamoo yangu haikusikika, nikairudia. Akataka kujua ni mtu gani huyu aliyemnyang'anya Ijumaa. Nikaeleza. Kuhusu studio, kuku, beti, miaka yote. Nilizungumza sana! Hakuna mtu mzima aliyewahi kunisikiliza hivyo. Labda kwa sababu hawezi kuondoka.

Mwishowe akasema, "Sasa huyo wako na mimi, nani atainuka kwanza?"

Akacheka hadi akakohoa. Kikohozi chake kinafanana na cha Sajenti. Nikamshikia kikombe cha maji. Nikatoka nje, nikapukuchua mahindi yao bila kuagizwa na mtu, hadi vidole vikachubuka. Nimeapa mbele ya gunia: sitarudia. Mtu akiwa na haja, haja yake itangulie. Nimekuwa mtu mpya.

Jumatano, 14 Mei

Nimemwendea Mama mwenyewe. Nikamwambia toba yangu haijatosha. Mzee Teodori hastahili jioni moja. Anastahili novena nzima, tuanze kesho, jioni tisa, sanamu ikae pale pale karibu na kichwa chake isihame. Na spika, kwa ajili ya nyimbo.

Mama akalia. Akaniwekea mkono kichwani. Ni mara ya kwanza kunisemesha tangu Ijumaa, na alichosema ni kwamba Mungu ana njia zake. Bibi Leonia amesema nitakuwa padri. Nyumba nyingine zimekubali kusubiri zamu zao. Kusubiri si jambo baya, mimi nimesubiri tangu darasa la tatu.

Novena itafungwa Ijumaa, tarehe 23. Ni bahati tu kwamba Sajenti Tindo ametangaza tarehe mpya ya Kiporo, na ni hiyo hiyo, saa kumi na mbili jioni. Nimemwambia Janeth. Tuntufye nimemfundisha Litania yote, ili safari hii ajue inapoishia.

Naona aibu kidogo, sikatai. Lakini nia ya kufungia novena nimeshaiandaa. Nimeipima mara tatu. Kila neno ni kweli.