Nimeacha Ng'ombe, Nimeshika Kalamu

Jumatatu, 3 Machi 2025

Nimeacha kazi! Miaka kumi na tatu ya kupandisha ng'ombe wa watu kwa mrija, mkono ndani hadi begani, imeisha leo saa nne asubuhi. Barua nimeiweka mezani kwa mwenyekiti wa ushirika, nikatoka kabla hajavaa miwani. Sasa mimi ni mwandishi.

Mke wangu Jepkemboi nimemwambia nimepewa likizo ya wiki moja. Si uongo kabisa. Wiki moja imo ndani ya maisha yote.

Mpango: kusoma vitabu sita kufikia Jumamosi, halafu kuandika changu.

Jumanne, 4 Machi

Kusoma ni kazi ngumu, watu hawasemi tu. Nimelala ukurasa wa nane. Nikasoma nikiwa nimesimama. Nimelala nimesimama, kama punda. Kuanzia leo nasoma jalada la nyuma peke yake. Huko ndiko wamefupisha.

Mama Kabura amepiga simu kutoka Yamumbi. Mtamba wake anakaribia kuzaa, anaomba nimwangalie. Nimemwambia siku hizi mimi ni mwandishi. Akasema pole, ataniweka kwa maombi.

Jumatano, 5 Machi

Kikundi cha wasomaji, ukumbi wa kanisa, Kiplombe. Kiongozi ni Mwalimu Nekoye, mstaafu anayesoma hata gazeti lililofungiwa nyama. Tulikuwa na riwaya ya mwezi. Jalada lake la nyuma nililisoma mara mbili. Nikasimama, nikasema kifo cha yule mama kiliniliza. Nikapangusa macho. Mwalimu Nekoye akasema yule mama ndiye anayesimulia hadithi, mwanzo mpaka mwisho, akiwa mzima. Nikasema kuna namna nyingi za kufa.

Javan akayaandika maneno yangu kwa daftari. Javan ni kinyozi. Husoma kati ya mteja na mteja, na wakati mwingine katikati ya mteja: kuna wazee wametoka kwake na nusu kichwa kwa sababu sura ilikuwa tamu. Simpendi.

Habari kubwa! Jumamosi anakuja mhariri kutoka Nairobi, Bi. Cherono. Atasikiliza tukisoma kazi zetu, amchague mwandishi mmoja wa kuchapishwa. Mmoja! Ni mimi au kinyozi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemaliza sura ya kwanza. Shujaa wangu ni tajiri, anaishi Paris. Sijawahi kufika Paris, lakini hata wao hawajawahi kufika Kiplombe.

Jepkemboi ni mwalimu wa darasa la sita. Ameisoma akiwa na kalamu nyekundu, kwa mazoea. Akauliza kwa nini tajiri wa Paris anangoja mvua ndio apande mahindi. Nikasema hiyo ni ishara. Amenipa kumi na moja kwa arobaini.

Halafu akaniangalia sana, akauliza kama kuna kitu sijamwambia. Nikasema hakuna.

Ijumaa, 7 Machi

Kipaji bila makofi ni bure. Nimezunguka Kiplombe nzima, boma kwa boma, nikaenda mpaka Yamumbi. Nimetangaza: atakayekuja kesho anipigie makofi, nitampimia ng'ombe mimba bila malipo. Watu arobaini wamekubali. Tuone Javan atapigiwa na nani. Vichwa alivyonyoa?

Jumamosi, 8 Machi

Wamekuja wote. Kila mtu na ng'ombe wake! Mimi nilidhani nitawafuata nyumbani, wiki ijayo, au mwakani. Uwanja wa kanisa umejaa. Bi. Cherono amekanyaga mavi kabla ya kusalimiwa.

Javan alisoma kwanza. Ukurasa mmoja. Siku baba yake mgonjwa alipoingia dukani kwake, akamnyoa mara ya mwisho, akimzungukia masikio polepole ili asimwumize. Hakuna aliyepiga makofi. Watu walisahau. Hata mimi. Nilimchukia sana.

Zamu yangu. Nimefika pale tajiri wangu anapovaa saa yake ya tatu ya dhahabu, Mama Kabura akapiga nduru nje. Mtamba! Mguu mmoja umetoka, wa pili hauonekani. Nikamwambia niko katikati ya usomaji.

Akasema, "Daktari, ni huyu tu niko naye."

Basi. Nikatupa Paris kwenye kiti, nikavua shati. Ndama alikuwa amekunja goti. Nikamrudisha ndani, nikautafuta mguu, nikaita kamba. Aliyeileta ni Javan. Tukavuta pamoja. Mimi nikifanya kazi huongea, mwenye ng'ombe asiogope. Hapa ni goti. Hapa ni pua. Nimemtia kidole mdomoni, ananyonya, mama, yuko hai, ananyonya!

Nusu saa. Ndama jike! Makofi ya watu arobaini, na Mwalimu Nekoye analia bila kujificha.

Bi. Cherono akaja. Akasema maneno niliyoyasema mkono ukiwa ndani ya ng'ombe ndiyo kitabu, niende nikayaandike hivyo hivyo. Nikamuuliza, na Paris? Akasema Paris iko sawa, tuiache ilipo. Kisha akaweka ukurasa wa Javan ndani ya mkoba wake, akaondoka.

Ningeumia zaidi, ila wakati huo huo mwenyekiti wa ushirika, aliyekuja na ng'ombe wake mwenyewe, alikuwa anamsalimia Jepkemboi, aliyekuja kunisikiliza. Akamwambia ni hasara kubwa fundi kama mimi kuacha kazi.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani Jepkemboi aliimba, lakini si kwangu. Baada ya ibada ndipo aliponena. Akasema kuandika kwangu hakumsumbui hata kidogo. Angenipangia meza, angenisahihishia kila sura. "Lakini nimeambiwa na mwenyekiti, mbele ya watu, nikiwa nimemshikia kamba ya ng'ombe wake."

Nimelia. Kweli, si kama Jumatano. Nimeapa: uongo umeisha, kesho naomba kazi yangu. Nimempigia mwenyekiti. Ni mtu mwema. Amesema nimletee barua fupi tu kabla ya adhuhuri, naye ile ya kwanza ataichana.

Jumatatu, 10 Machi

Barua. Mstari mmoja ungetosha. Lakini mtu hawezi kujisaliti. Imefika kurasa tisa. Inaanza na mapambazuko, ukungu juu ya mashamba ya Soy, mtu anafunga lango nyuma yake na hatageuka tena. Anageuka ukurasa wa nane. Ni pahali pazuri sana, nilisisimka mwenyewe.

Mwenyekiti amesoma ukurasa mmoja na nusu. Akavua miwani, akanishika bega, akasema ameelewa, hatanizuia tena, niende na baraka. Nafasi amempa fundi mwingine pale pale, kwa simu.

Jepkemboi ameuliza barua imeendaje. Nimesema imepokelewa kwa mikono miwili. Amefurahi, amenipikia kuku. Kesho nitavaa gambuti, niage, nitoke mapema kama mtu wa kazi, nitafute kivuli mahali. Nataka kuanza riwaya mpya. Inahusu mwanamume mmoja mwaminifu.