Digrii Apata Familia

Basi Digrii huyo, anakuja mbio simu mkononi kama amebeba yai, anaruka mtaro, anajibwaga kwenye benchi la nje kwa kinyozi. Hata pumzi hajaipata.

"Shikamooni. Nimepata familia."

Mstaafu, karani aliyestaafu kazi moja mara mbili, hakuinua macho kwenye drafti. "Umeolewa lini?"

"Sijaolewa, Babu. Familia ya ng'ambo. Baba, mama, mapacha wa miaka minne na mbwa. Nakaa nao mwaka mzima, naangalia watoto, najifunza lugha yao. Wananihoji kwa simu ya video, dakika kumi zijazo."

"Uhausigeli," akakata Wakili. Huyo ni fundi viatu. Cheo alipewa kwa ubishi.

"Siyo, Mjomba. Naingia kama mwanafamilia. Dada mkubwa kabisa, wameandika."

"Hata huku anaitwa dada, na anakula jikoni amesimama."

"Mimi nakula mezani. Kazi masaa matano kwa siku, na kila wiki napumzika siku moja na nusu."

Kinyozi akazima mashine, kichwa cha mteja kikiwa nusu msitu nusu uwanja. "Mwanafamilia ana siku ya kupumzika? Mimi mke wangu sijawahi kumpa hata moja."

"Ndiyo maana alijipa mwenyewe," akasema Mstaafu. "Akapumzikia kwao. Mwaka wa tatu huu."

Mteja alicheka. Digrii hakucheka. Familia mbili zilishamkataa, na sababu ni ile ile: mpole mno, watoto watampanda kichwani. Hii ilikuwa ya tatu, na wakala anayemtafutia familia alishamwambia ya nne asahau. Hapo kijiweni alifuata intaneti ya Kinyozi tu, maana kwao mtandao mpaka upande juu ya bati.

"Naombeni kitu kimoja. Nikiwa hewani, kimya."

"Sisi watu wazima," akasema Mstaafu, na hapo hapo akachomoa ubaoni kizibo cha soda, kete ya Wakili aliyekuwa akicheza naye, akakitia mfukoni.

"Rudisha kingi yangu," akasema Wakili.

"Kingi gani?"

"Hiyo uliyoifunika na leso mfukoni."

"Unanipekua? Una kibali?"

Wakili akapindua ubao. Vizibo vya soda vikatawanyika mpaka mtaroni. Mstaafu akamvua Wakili kofia, akaikalia. Wakili akamnyang'anya miwani. Hapo simu ikaita, na kidole cha Digrii kwa kuchanganyikiwa kikapokea. Mama wa ng'ambo akatokea kwenye kioo, baba ubavuni, mapacha wanavutana nywele mapajani mwao.

Digrii wala hakuwaona.

"Nyie wawili." Sauti hiyo hata yeye hakuwa anajua anayo. "Babu, toa kizibo. Mjomba, rudisha miwani."

"Ameanza yeye."

"Sijauliza nani ameanza. Babu, inuka kwenye kofia. Wewe kaa huku, wewe kule. Mikono magotini. Hakuna atakayecheza mpaka muombane radhi, na kila mtu aseme ni kwa kosa gani."

Wakakaa. Hata Kinyozi, ambaye hakuhusika, aliketi akaweka mikono magotini.

"Samahani kwa kukalia kofia," akanung'unika Mstaafu.

"Na?"

"Na kingi."

"Samahani kwa miwani," akasema Wakili, akitazama viatu vyake.

Ndipo Digrii akakumbuka simu, akageukia kioo. Mapacha walikuwa wamekaa wima, mikono magotini, macho yamewatoka. Mama yao anafuta machozi. Aliongea kirefu kwa Kiingereza, baba anatikisa kichwa kukubali, na Digrii akasikiliza mpaka mwisho.

"Amesemaje?" akauliza Kinyozi.

"Anasema hawajawahi kutulia hivi tangu wazaliwe. Nafasi ni yangu. Naondoka mwezi ujao." "Ila anauliza hawa watoto wangu wawili nikiondoka, nitawaachia nani."

Wazee wakatazamana. Wakatazama ubao uliolala kifudifudi. Wakamtazama Kinyozi, naye haraka akawasha mashine na kurudi kwa mteja wake.

Wakili akaikung'uta kofia iliyobonyea, akaivaa, akasogea karibu na simu.

"Usikate kwanza. Mwambie na sisi tunaomba dada kutoka kwao. Tafsiri vizuri. Familia ina watoto wawili. Mkubwa ana miaka sitini na nane."

"Sitini na sita," akasema Mstaafu.

"Hawana aleji ya chochote," Wakili akaendelea, "isipokuwa kushindwa."