Habari za Conjesta na Neno Moja Alilolitamka Uani kwa Kabula

Njoni mketi, enyi wa mtaa wa Sogea na enyi wa kule Mpemba, nanyi mliovuka mpaka asubuhi kwenda Nakonde mkarudi kabla ya chakula cha mchana. Zimeni redio, tueni mizigo, kwa maana ninayoisimulia si habari ya ng'ombe aliyepotea wala ya lori lililopinduka. Ni habari ya vita. Nawe Mwenyezi, uliyeuumba ulimi ukauzungushia meno kama boma ili usitoke ovyo, iongoze kalamu yangu isiongeze wala isipunguze, maana waliokuwepo wangali hai na wanajua kusoma.

Alikuwapo katika mji wa Tunduma mwanamke shujaa, Conjesta binti Mbonile, mzaliwa wa vilima vya Mbebe, fundi cherehani, mwimbaji wa sauti ya pili, Mpiga-Hodi Asiyechoka. Mwaka huo, mahindi yakikauka shambani, alijiunga na jeshi la wauza dawa ya mswaki, ambalo kila askari wake huuza, na kila anunuaye huombwa awe askari naye aombe wengine, hata ifike siku ambayo mji mzima utakuwa unauza na hakuna aliyebaki wa kupiga mswaki.

Jemadari wa jeshi hilo alikuwa Brayson, Ngazi ya Dhahabu, mwenye viatu vilivyochongoka kama mikuki. Alisimama mbele ya vikosi vyake katika ukumbi wa kukodi, akanena:

"Enyi mabalozi wa ndoto. Mtu akikwambia hapana, hajakataa, hajakuelewa. Akikwambia hana nafasi, mfuate mpaka aipate. Nimewapa majibu saba ya neno hapana, na hajazaliwa binadamu wa kulivuka la tano. Je, adui yetu ni nani?"

"Umaskini," wakaitika.

"Na umaskini unakaa wapi?"

"Kwa jirani," akasema mtu wa nyuma, na wote wakatumwa kwa jirani.

Conjesta alianza na foleni ya malori yangojayo kuvuka mpaka, kwa kuwa dereva wa foleni hana pa kukimbilia. Alipanda ngazi za malori akahutubia madirishani. Madereva wa Zambia walimwambia, "Awe, mayo," yaani hapana, mama, naye akawapa majibu yote saba. Siku ya tatu walimwona akija kwa mbali, na vioo vikapanda kimoja baada ya kingine, toka lango la mpaka hadi karibu na Mpemba.

Lakini pigo lililomrudia mwenyewe alilipiga msibani.

Alikuwa na rafiki, Kabula, Aliyezaliwa Mvua Ikinyesha, binti wa wafugaji waliohamia bondeni Momba. Urafiki wao ulikuwa wa miaka kumi na miwili. Conjesta alipofanyiwa upasuaji, Kabula alilala siku tisa kwenye sakafu ya wodi, akila makombo ya uji wa mgonjwa. Kabula huyo akafiwa na mama yake. Kama ilivyo desturi, ilihitajika karatasi ya wanawake kuandika majina na namba za simu kwa zamu za kuchota maji na kupika. Karatasi haikuwepo. Conjesta, mwepesi wa msaada, akachomoa mkobani fomu ya jeshi, akaigeuza, na orodha ikaandikwa mgongoni mwake. Jioni Jemadari akamdai majina mapya. Conjesta hakuwa na hata moja, ila alikuwa na orodha ya maji. Akaipiga picha, akaituma.

Kulipokucha, wanawake thelathini na wanne, masufuria ya msiba yangali hayajaoshwa, walipokea ujumbe kwenye simu: Karibu, Balozi wa Ndoto.

Tangu siku hiyo mtaa wao wa Sogea ulijifunga kama mji uliozingirwa. Mara tatu Conjesta alibisha hodi kwa Kabula, na mara tatu redio ilizimwa ghafla, kisha mkono wa rafiki yake ukatoka chini ya pazia na kuvuta kandambili ndani. Mara ya tatu ndipo alipolia. Alipiga magoti kando ya cherehani akaomba: "Bwana, nirudishie Kabula. Wateja nitawatafuta mwenyewe."

Ikawa Jumamosi moja, saa tisa alasiri, baridi ya Julai ikikata masikio, shujaa akautundika mkoba wake msumarini na kutoka mikono mitupu. Silaha moja tu ilisahaulika mfukoni, tyubu moja ya dawa. Akafika uani kwa Kabula, akakuta wanawake wanapukuchua mahindi. Nasi tunajua sheria: ukimkuta mtu anapukuchua, unaketi na kushika hindi, na shida yako huisemi mpaka mwenyeji akuulize.

"Hodi hapa."

"Ameshafika huyo," alisema Erica, jirani wa ukuta mmoja. "Ficheni simu."

Kabula hakuinua macho. "Karibu. Mahindi hayo hapo."

Conjesta akaketi. Akapukuchua hindi la kwanza, la kumi, la thelathini. Simu ikatetema pajani pake kama ardhi chini ya farasi wa vita. Alikuwa Jemadari. Ikatetema mara tano, naye asiiguse. Vidole vikachubuka, na ndoo ikajaa.

Mwisho Kabula akalitua hindi lake.

"Dada, nikwambie mapema usije ukanichosha. Hiyo dawa yako ya mswaki siitaki. Sikuitaka kabla ya msiba, sikuitaka msibani, na leo siitaki."

Hapo ndipo vita vilipopamba moto. Majibu saba yaliamka kifuani mwa Conjesta, yakajipanga, yakapanda kooni kwa vishindo. La kwanza lilidai kwamba Kabula hakuwa na taarifa za kutosha. La tatu liliwataja watoto wake na kesho yao. Yakaufikia ulimi, yakalipiga boma la meno. Conjesta akafumba mdomo na macho pia. Akameza moja baada ya jingine hadi la sita, na la saba likamkwama, akakohoa mpaka Erica akampiga mgongoni.

Kisha akasema, "Sawa."

Mikono yote ilisimama. Kuku aliyekuwa akiiba punje aliinua kichwa.

"Sawa nini?" aliuliza Kabula.

"Sawa, huitaki."

"Halafu?"

"Halafu nipo, napukuchua." Sauti yake ikashuka. "Ile orodha ya maji niliituma mimi. Nilikaa kwenye msiba wa mama nikihesabu vichwa. Jana nimemwambia Brayson ayafute majina yote, ndiyo maana simu hailali. Nisamehe, dada."

Kabula alipukuchua hindi zima kabla ya kujibu.

"Mama angekucheka sana," alisema. "Na yeye jina lake mngeliandika, kama angeinuka jenezani." Akamsogezea kikombe cha togwa.

Erica akajikohoza. "Kwani hiyo dawa unayo hapo? Yangu imeisha tangu juzi, nasugua kwa chumvi ya Ivuna."

"Ninayo moja."

"Walisema inatibu mgongo na presha."

"Inasafisha meno," alisema Conjesta. "Mgongo upeleke hospitali."

"Basi nipe, nina meno."

Kabula akaingia ndani, akatoka na karatasi na kalamu. "Jumatano ni arobaini ya mama. Zamu za maji. Andika jina lako."

Conjesta aliipokea kwa mikono miwili. Kwanza akaigeuza, akautazama mgongo wake mpaka aliporidhika kuwa ni mweupe. Ndipo akaandika.

Basi na ikumbukwe na vizazi, pande zote mbili za mpaka, kwamba Jumamosi hiyo, saa kumi kasoro dakika tano, mtu aliambiwa hapana akasema sawa, na mbingu haikuanguka, na mahindi yakaisha kabla ya giza. Kizingitini kwa Kabula zilionekana kandambili jozi mbili, ubavu kwa ubavu, na hakuna mkono uliotoka kuzivuta.