Mita Mbili Kutoka Ndevu Zangu

Jumatatu, 14 Julai. Kambarage.

Siku mbaya. Imefika habari kutoka Geita: mgodi unapanua shimo, na makaburi ya kijiji chetu cha zamani yanahamishwa Jumamosi. Ndani ya uzio ataingia mtu mmoja kwa kila ukoo, akaonyeshe kaburi lake. Wengine watasubiri kwenye makaburi mapya.

Letu ni la mama. Tulihamishwa sisi, yeye akabaki. Lina jiwe bapa kichwani. La jirani lina jiwe la mviringo, ni la Mzee Maige, ambaye mbuzi wake walikula mihogo yetu na mama akamnunia hadi siku ya mwisho. Haya ninayajua mimi peke yangu. Mdogo wangu Agapiti, siku mama alipozikwa, alikuwa mgongoni kwa shangazi. Amelala.

Sasa balaa. Mwanangu Festo, ninayeishi kwake, amenikamata nyuma ya choo na sigara. Daktari alishakataza, kifua changu kinalia kama mlango wa ghala. Festo akasema, tena mbele ya watu, "Baba, nikikuona na moshi tena kabla ya Jumamosi, anayeingia ni Baba Mdogo."

Baba Mdogo! Amekuja jana kutoka Didia, bila kualikwa, na begi la nguo za wiki nzima. Ati ameleta bomba lake la kupulizia pamba litengenezwe mjini. Akaniambia kwa upole kwamba ataniombea. Mnafiki!

Nimeahidi. Moshi basi. Jioni nimenunua sigara ya umeme kwa Boaz, dalali wa dhahabu. Haitoi moshi, inatoa mvuke. Ladha ya embe. Ahadi haijaguswa.

Jumanne, 15 Julai

Haikai na chaji! Mivuto sita, imezima. Nilipomlalamikia Boaz akasema imetumika kidogo tu, tena na mtu mstaarabu.

Kuijaza ni saa mbili. Nani wa kusubiri saa mbili akiwa na miaka sabini na minne?

Karatasi ya maelekezo ni ya Kiingereza, herufi ndogo kama chawa. Nimeisoma kwa lenzi, mara mbili. Nilifundisha watoto wa watu kusoma. Siwezi kushindwa na karatasi. Tumia waya wake wenyewe. Usiichaji juu ya kitanda. Usiiache peke yake. Usiivute ikiwa kwenye chaji.

Waya ni wake. Kitandani nimeitoa, nimeiweka kwenye karai la mchanga. Peke yake siiachi, naikodolea macho kama mgonjwa. Limebaki lile la kuvuta, na hilo nimelitafakari mchana kutwa. Kwa nini wanakataza? Kwa sababu betri ikilipuka itauunguza uso. Basi ubaya haupo katika kuvuta. Upo katika ukaribu! Aliyeandika karatasi ile hakufikiri hadi mwisho.

Jumatano, 16 Julai

Ushindi! Wakati Agapiti amelala na magazeti usoni, nimefungua mpira wa bomba lake la pamba. Nimeusafisha kwa sabuni ya unga, kijiko kizima. Ncha moja nimeifunga kwenye sigara kwa kipande cha tairi la baiskeli. Ncha ya pili mdomoni mwangu. Katikati, mita mbili. Ilipuke inavyotaka. Itaunguza mchanga.

Usiri upo. Mkwe wangu Hosiana hakanyagi chumbani kwa baba mkwe, heshima haimruhusu. Agapiti huingia bila hodi, kwa hiyo mlangoni nimeegemeza kiti.

Nilivuta. Embe. Na nyuma ya embe, kitu kingine, cha zamani sana, ambacho sikuweza kukipa jina. Nikaona shamba la baba, pamba nyeupe hadi kwenye mawe, mama ameinama na kapu. Machozi yakanitoka, hayakukoma. Sikujua kwamba bado nina kumbukumbu nzito kiasi hiki. Nikaendelea kuvuta kwa ajili ya mama.

Alhamisi, 17 Julai. Kituo cha afya.

Haikuwa kumbukumbu. Ilikuwa dawa ya wadudu.

Mate, jasho, tumbo, miguu kama uji. Nilianguka na kiti. Nesi Ritha amenisafisha, amenichoma sindano, kisha akavuta kigoda karibu, akaninong'oneza: "Babu, mwilini unanuka dawa ya pamba. Niambie mimi tu. Nini kinakuelemea?"

Ilinichukua muda kuelewa. Wanadhani nilitaka kujiua!

Nje Agapiti analia kwa sauti ya kusikika sokoni. "Kaka yangu, kwa nini hukuniambia?" Anafurahia kila neno. Mama Apolonia wa jumuiya amekuja na wenzake wanne na rozari. Wameniombea nipende kuishi. Wembe wangu umechukuliwa.

Halafu Festo. Ameketi, amenishika mkono, amelia. Sijamwona akilia tangu alipokuwa mdogo. Anasema kosa ni lake, amenibana mno, mtu mzima hanyang'anywi sigara zake.

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Lakini nikisema nimevuta, mama namkosa. Nikapiga hesabu. Nikanyamaza, nikamwacha mwanangu alie.

Ijumaa, 18 Julai

Hesabu ilikuwa mbovu. Asubuhi Festo amekuja kunichukua, na kwa upole wote ametangaza kwamba mtu mwenye huzuni kama yangu hawezi kupelekwa kufukua kaburi. Ataingia Agapiti.

Nikakiri papo hapo uani. Nimeleta karai, mchanga, sigara, mpira. Nimeeleza kanuni ya ukaribu. Hosiana akaufunika uso kwa kanga, akaketi kizingitini, mabega yanatikisika. Mkwe, kunicheka mimi! Agapiti yeye aliona kitu kimoja tu. "Kaka! Huo si mpira wangu?"

Festo alinikumbatia kwa nguvu. Nilifurahi. Halafu akasema kwamba kwa hiyo nilivunja ahadi, na kwa hiyo ataingia Agapiti.

Nikamsihi Agapiti, mimi niliyemlea. Jiwe bapa, nikamwambia. Bapa, si la mviringo. Akajibu nisimfundishe kaburi la mama yake, ameshaliota.

Nimeazima chaja ya mfukoni ya Festo, ile inayobeba umeme wake yenyewe. Nimesema ni ya simu.

Jumamosi, 19 Julai. Geita.

Tumesubiri kwenye makaburi mapya tangu alfajiri. Misalaba ya saruji imepangwa kama madawati. Saa sita gari likatoka ndani ya uzio, Agapiti amekaa mbele na kofia ya plastiki ya njano, sanduku nyuma.

Nikamuuliza jiwe gani. Akasema la mviringo, zuri, kama lile la ndotoni. Tena walikuta na kiko chake cha tumbaku. "Kumbe kaka umerithi kwa mama!"

Mama hakuwahi kuvuta. Mzee Maige alivuta hadi usingizini.

Nikamkimbilia afisa wa mgodi. Nikamweleza jiwe, mbuzi, mihogo, kiko. Kijana alinisikiliza vizuri. Kisha Agapiti akamvuta pembeni, na niliona midomo yake ikitamka: Alhamisi, dawa, kichwa. Afisa akarudi akanishika bega. Akasema pole sana mzee, akaniagizia soda. Uzio umefungwa. Jumatatu magari makubwa yanaanza kumwaga kifusi.

Mama yupo kule. Hapa tumemzika Mzee Maige chini ya jina la mama, kwa maombi na nyimbo, na nimeimba.

Wengine walipoondoka nikabaki. Niligeuzia watu mgongo. Chaja ilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti, sigara juu yake, waya mfupi, ncha inachungulia kolani. Nikavuta. Polepole likanijia joto kifuani, upande wa moyo, likaenea, joto la kubebwa. Nikafumba macho. Nikasema, mayo, mama yangu, umeniona.

Hosiana, aliyerudi kuniita, akapiga yowe kwamba koti linafuka moshi. Ndoo ya maji ya saruji ikanijia kichwani.

Usiku huu nimepakwa dawa ya kuungua, na hakuna anayesema nami. Nimelichunguza koti. Ni sufi, nzito, linatunza joto. Kosa lilikuwa kitambaa. Fundi bati wa sokoni hufungua hata Jumapili, atanitengenezea mfuko wa bati.