Duka la Mtandaoni na Ubao wa Baba

Jumatatu, 1 Machi 2004
Duka langu la mtandaoni limefunguliwa! Mdalasini wa Kinole, dunia nzima. Mama Winfrida, mjane mwenye ghala linalovuja, amenikabidhi magunia yake yote manane. Lazima yauzwe kabla ya masika. Mnunuzi wa hoteli moja ya Dar atalitazama duka Ijumaa. Akikataa, mzigo utaenda kwa Salimu wa Mwembesongo kwa bei ya kutupa. Salimu! Naye ana tovuti, tena kwenye seva hiyohiyo, kompyuta ya kuhifadhia tovuti, niliyokodi mimi.

Jumanne, 2 Machi
Anastasia, mwalimu wa kompyuta Mzumbe, anasema kila faili la duka lipewe ruhusa ya 644: mimi nisome na kuandika, wengine wasome tu. Nimemwambia huo ni uchoyo. Nakumbuka duka la ushirika Kinole, baba akiwa katibu. Ubao ukutani, chaki kwenye kopo dirishani, kila mkulima akiandika kilo zake mwenyewe. Hakuna aliyedanganya. Na harufu ile ya karafuu na mafuta ya taa! Machozi yamenilenga. Nimeweka 777. Wote wasome, wote waandike. Baba angefurahi.

Jumatano, 3 Machi
Ukurasa wa kwanza unatangaza kwamba mdalasini wa Kinole umeota ukungu, wateja waende kwa Salimu. Picha ya baba niliyoiweka hapo juu haipo. Ipo ya Salimu, anacheka! Nimerudisha kila kitu, kisha nimeweka 000: asisome mtu, asiandike mtu. Apite sasa!

Ijumaa, 5 Machi
Mnunuzi kapiga simu. Duka linamwambia hana ruhusa. Nimejisifu kwamba ulinzi wetu ni mkali. Akauliza atanunuaje. Swali gumu.

Nimekimbilia Mzumbe. Anastasia amerejesha 644 kabla sijakaa. Amesema ubao wa baba ulikuwa salama kwa sababu baba alishinda hapo chini yake kutwa nzima. Ni kweli, alishinda hapo, na kofia yake ya ukindu. Nimemkumbuka sana.

Jioni mnunuzi ameagiza magunia yote!

Jumapili, 7 Machi
Kinole, baada ya misa. Nimemwamkia Mama Winfrida, akaitikia marahaba huku analia kwa furaha. Amenipikia magimbi. Ubao wa baba bado upo! Nimeufuta vumbi. Wanaushirika wa zamani nao wapate kuweka bidhaa zao dukani, kwa hiyo nimewaandikia hapo ubaoni neno langu la siri la duka. Kwa chaki, herufi kubwa, kama zamani. Moyo umejaa.

Salimu naye alikuwepo, amefuata pilipili manga. Ameomba kuazima kalamu. Nimempa yangu.