Utafiti Wangu wa Urafiki Umegeuka Msiba

Leo nimeumbuka, tena mbele ya wapangaji wote. Kosa langu la kwanza lilikuwa kuondoa salamu.

Ngoja nieleze. Tangu nihamie Uyole kutoka Iringa sina mtu wa kuongea naye. Nikitoka kazini najifungia ndani, najisomea saikolojia kwenye simu. (Chuo sijakanyaga. Msicheke mapema.) Nikakuta utafiti wa ughaibuni: watu wasiojuana wanaulizana maswali mazito, kisha wanatazamana machoni kimya, wanatoka hapo marafiki. Nikasoma pia kwamba matokeo ya namna hii yakijaribiwa tena kwa watu wa nchi nyingine, wakati mwingine yanagoma. Basi nikasema nitayajaribu mimi, hapahapa Uyole, bila kukosea hata nukta! Maelezo hayakutaja salamu. Nikazifuta.

Nikamchagua Ambokile, fundi wa tairi za malori, jirani yangu ukuta kwa ukuta. Asubuhi nikamwita chumbani. Nikazima redio. Nikafunga mlango.

"Kaka, kaa kwanza," nikamwambia. "Na simu zima."

Akakaa taratibu mno. Nikampa glasi ya maji (atulie). Nikasoma swali la kwanza:

"Mara ya mwisho kulia mbele ya mtu ilikuwa lini?"

"Kwa nini unaniuliza hivyo? Kaka, kuna nini nyumbani?"

Maelezo yalikataza mazungumzo nje ya maswali. Nikanyamaza. Nikamkazia macho, kwa upole wote niliojaliwa.

Glasi ikaanguka.

"Mamaangu! Mamaangu jamani!"

Akatoka mbio hadi uani, mikono kichwani. Kabla sijavaa viatu, wanawake walishafunga kanga viunoni, wanalia. Mama mwenye nyumba anatoa mabenchi. Mtu mwingine anapanga kuni!

"Hajafa mtu!" nikapiga kelele. Nani anisikie?

Ambokile akawasha simu, akampigia mdogo wake aliyeko Tukuyu. Akapokea mama yao mwenyewe. Spika ilikuwa wazi, uwanja mzima ukasikia:

"Nimekufa lini, mwanangu? Mbona niko shambani napalilia?"

Kilio kikakatika. Wote wakanigeukia. (Hapo ndipo nilipotazamwa machoni.)

"We kijana," mama mwenye nyumba akauliza, "ulikuwa unatafuta nini hasa?"

Nilitaka kusema utafiti. Ikatoka: "Rafiki."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Wakarudisha mabenchi ndani, nami nikabaki uani peke yangu, na swali la pili bado mkononi.

Nimewaza mchana kutwa. Kule, kiti, ukimya na swali zito huleta urafiki. Kwetu, hivyo ndivyo mtu anavyopewa taarifa ya kifo. Mimi nimekulia Iringa, nilijua hilo tangu utotoni. Nililisahau kwa kuwa halikuandikwa.

Jioni Ambokile amerudi. Nimemsalimia, nikauliza habari za kazi, za nyumbani, za mama. Ameitikia zote. Mpaka jana tulikuwa tunapishana kimya. Sasa tunasalimiana, ila nikimkaribisha kiti anasema atasimama tu.